Yaqut Mhabeshi wa Delhi: Mapenzi ya ikulu au wivu wa maamiri?

Wapo watu katika historia ya Waislamu ambao karibu hatukuachiwa kitu juu yao isipokuwa tuhuma. Ukitaja jina la mmoja wao, tuhuma inatangulia na mwenyewe anakuja nyuma yake. Miongoni mwa hao ni Amiri Jamaluddin Yaqut, Mhabeshi aliyekuwa msimamizi wa mabanda ya farasi ya Sultani wa Delhi, Razia binti Iltutmish. Aliuawa na maamiri wenzake katika mwezi wa Ramadhani mwaka 637 Hijria, sawa na Aprili 1240.

Wengi katika watu wa mijini wanaomjua wamemjua kwa njia ya sinema. Mwaka 1983 ilitoka filamu ya Kihindi ya Razia Sultan, iliyoongozwa na Kamal Amrohi. Hema Malini alikuwa Razia, na Dharmendra alikuwa Yaqut, akapakwa rangi ili aonekane mweusi. Aliyeitazama filamu ile alirudi nyumbani na jambo moja kichwani, kwamba Sultani mwanamke alimpenda mtumwa wake na mapenzi hayo yakamponza yeye na kiti chake. Na si filamu tu. Vitabu vingi vya historia ya India vimelisema jambo hilo hilo, kimoja kikinakili kutoka kwa kingine, mpaka likawa kama jambo lisilohitaji ushahidi.

Swali tunalouliza leo ni dogo tu. Ni nani aliyeyaona mapenzi hayo?

Kabla ya kulijibu, tuwaangalie wahusika. Usultani wa Delhi katika siku hizo ulikuwa dola ya watumwa wa kijeshi, na neno hilo si tusi, ndivyo ilivyokuwa. Qutbuddin Aibak alikuwa Mturuki aliyenunuliwa. Iltutmish, baba yake Razia, naye alikuwa Mturuki aliyenunuliwa, na mnunuzi wake alikuwa Aibak. Akapanda ngazi kwa uwezo wake, akaachiwa huru, na akatawala Delhi tangu 1211 hadi alipofariki mwaka 1236. Na yeye alinunua vijana wa Kituruki kwa wingi, akawalea, akawapa vyeo na majimbo. Hao ndio maamiri tutakaowakuta mbele, watu waliojiona kuwa dola ni mali yao kwa sababu ya ukoo wao wa Kituruki, ilhali wengi wao walipita sokoni kama alivyopita yeyote mwingine.

Mtoto mkubwa wa Iltutmish, Nasiruddin Mahmud, alifariki mwaka 1229 huko Bengali. Baada ya hapo baba aliwatazama wanawe waliobaki akaona hakuna wa kumrithi. Akaamuru iandikwe hati ya kumtaja binti yake Razia. Maamiri wakalalamika, wakauliza itakuwaje binti atangulizwe na wapo wana wa kiume waliokomaa. Akawajibu kwa maana ya kwamba wana hao wameshughulishwa na starehe za ujana, na kwamba baada ya kifo chake wataona wenyewe.

Alipofariki, maamiri waliiweka hati pembeni wakamtawaza Ruknuddin Firuz. Huyu alikuwa mtu wa ulevi na michezo, na mamake, Shah Turkan, ndiye aliyeshika mambo kwa mkono wa kisasi. Haikutimia miezi saba. Shah Turkan alipotaka kumuua Razia, watu wa Delhi waliinuka, na mwezi wa Novemba 1236 Razia akakaa katika kiti cha usultani. Akakaa humo kwa miaka mitatu na nusu na siku chache.

Yaqut anaingia hapa. Jina lake tu linatueleza kitu. Watumwa walizoea kupewa majina ya vito na manukato, kama Kafur, Anbar, Lulu na Yaqut. Yule mwanajiografia mashuhuri, Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, naye alikuwa mtumwa, asili yake Mrumi. Kwa hiyo Yaqut wetu alikuwa Mhabeshi aliyeletwa India kwa njia ya utumwa au aliyetoka katika watu wa namna hiyo, na alikuwa amekwisha kuwa na lakabu ya heshima, Jamaluddin, na cheo cha uamiri. Razia alimpa cheo ambacho kwa Kiajemi kiliitwa amir-i akhur, yaani mkuu wa mabanda ya farasi ya kifalme.

Ndugu msomaji asidhani kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kuchota maji na kufagia samadi. Nguvu ya Delhi ilikuwa ni farasi. Mwenye kusimamia farasi wa Sultani alisimamia silaha kubwa kuliko zote za zama zile, na zaidi ya hapo alikuwa karibu na Sultani kila anapotoka, vitani na kwenye matembezi. Aibak mwenyewe, kabla hajawa bwana wa Delhi, alikuwa amir-i akhur wa Sultani Muizzuddin wa Ghur. Cheo hicho kilikuwa ngazi ya kwendea mbali, na Waturuki walikihesabu kuwa chao. Razia akampa mtu mweusi.

Na hakumpandisha Yaqut peke yake. Uongozi wa jeshi alimpa Qutbuddin Hasan, mtu wa Ghur, asiyekuwa Mturuki vilevile. Inaonekana wazi kwamba binti huyu alikuwa akitafuta watu ambao utii wao ni kwake, si kwa kundi la watumwa wa baba yake. Hilo ndilo alilokuwa akilifanya kisiasa, na wanahistoria wengi wa zama zetu wanakubaliana nalo. Jambo la kuzingatia ni kwamba yule mtu wa Ghur hakuna aliyemzushia mapenzi na Sultani.

Mwanzoni mwa mwaka 1240 gavana wa Lahore, Kabir Khan, aliasi. Razia alimwendea kwa jeshi akamtiisha, akarudi Delhi katika Shaaban. Hakupumzika. Ikaja habari kwamba Altuniya, gavana wa Tabarhinda, mji unaoitwa leo Bathinda, naye ameasi. Nyuma yake alikuwapo Aytegin, mkuu wa mahajibu wa ikulu, aliyekuwa akisuka mambo kwa siri. Wote wawili, Altuniya na Aytegin, walipewa vyeo vyao na Razia mwenyewe. Tarehe 9 Ramadhani jeshi likatoka. Lilipofika Tabarhinda, maamiri wa Kituruki waliokuwa ndani ya jeshi lake waligeuka, wakamuua Yaqut, wakamkamata Razia na kumfunga katika ngome. Kabla ya Ramadhani kwisha, tarehe 27, ndugu yake Muizzuddin Bahram alikuwa ametawazwa Delhi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sasa tuwaite mashahidi.

Wa kwanza ni Minhaj Siraj al-Juzjani, mwenye kitabu cha Tabaqat-i Nasiri alichokimaliza mwaka 1260. Huyu aliishi katika zama hizo hizo. Alifika Delhi mwaka 1238, na Razia akamkabidhi madrasa ya Nasiriyya pamoja na ukadhi wa Gwalior. Kwa hiyo alikuwa mtu wa ndani, na maamiri wote hao aliwajua kwa majina na kwa sura. Anasema nini juu ya Yaqut? Anasema kwamba alipata upendeleo na ukaribu katika kumtumikia Sultani, na kwamba maamiri wa Kituruki waliingiwa na wivu kwa ajili hiyo. Anaendelea kusema kwamba Razia aliacha mavazi ya kike na pazia, akavaa kanzu na kofia za kiume, na kwamba alipokuwa akipanda ndovu watu wote walimwona. Basi. Hakuna mapenzi, hakuna faragha, hakuna mkono wa mtu juu ya mtu.

Wa pili ni Isami, mshairi wa Dekani, aliyemaliza utenzi wake mrefu wa Futuh al-Salatin mwaka 1350. Hapo imeshapita miaka 110. Yeye anasema amesikia kwamba mtumwa wa Kihabeshi alikuwa akisimama ubavuni mwa Razia wakati wa kupanda farasi, akimshika mkono kumsaidia kupanda, na maamiri wakaona haya na wakakasirika. Amesikia kwa nani? Hataji. Tena Isami hafichi rai yake kuhusu wanawake, kwani anaona kazi ya mwanamke ni pia ya kusokotea uzi na si kiti cha enzi. Shahidi anayeanza kwa kutangaza uadui wake na mtuhumiwa si lazima awe mwongo, lakini kadhi yeyote angelitia jambo hilo katika mizani.

Wa tatu ni mgeni wetu wa zamani, Ibn Battuta. Tunamheshimu watu wa pwani kwa sababu alifika Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331 akaandika aliyoyaona, na maneno yake juu ya Kilwa ni hazina hadi leo. Baadaye alikwenda India, akawa kadhi huko Delhi chini ya Muhammad bin Tughluq. Lakini safari yake aliisimulia huko Fez, ikaandikwa na Ibn Juzayy na kukamilika mwaka 1355. Anasema Razia alituhumiwa na mtumwa wake wa Kihabeshi, kwa hiyo watu wakaafikiana kumuuzulu na kumwoza mume, naye akaozwa kwa jamaa yake, na ndugu yake Nasiruddin akashika utawala.

Hapa inafaa tusimame kidogo, kwa sababu wengi wakiona jina la Ibn Battuta wanafunga mjadala. Ibn Battuta wa Kilwa ni shahidi wa macho. Ibn Battuta wa habari za Razia ni mtu anayesimulia mambo yaliyotokea zaidi ya miaka 60 kabla hajazaliwa, na mengi ya aliyosimulia hapo hayasimami. Razia hakuozwa na watu. Alikuwa mfungwa wa Altuniya, na Altuniya alipoona wenzake wa Delhi wamegawana vyeo bila ya kumkumbuka, alimwoa mfungwa wake na wakaenda pamoja kuidai Delhi. Wala Nasiruddin hakumfuatia Razia. Kati yao walitawala Bahram na kisha Alauddin Masud, hadi mwaka 1246. Mtu aliyewaruka masultani wawili, tutamwamini vipi katika jambo la siri ya chumbani? Na hata yeye, ukimsoma vizuri, anasema alituhumiwa. Hakusema alifanya.

Wa nne ni Firishta, aliyeandika Bijapur mwanzoni mwa miaka ya 1600, zaidi ya miaka 360 baada ya tukio. Kwake yeye hadithi imenenepa. Yaqut sasa amekuwa amiri wa maamiri wote, na Razia akitaka kupanda farasi Yaqut humnyanyua kwa kumshika chini ya makwapa. Angalia mwendo wake. Kwa aliyeishi zama hizo ni ukaribu wa kazi. Baada ya karne moja ni mkono juu ya mkono. Baada ya karne tatu na zaidi ni mikono miwili makwapani. Kadiri msimulizi anavyokuwa mbali ndivyo anavyoona vizuri zaidi!

Na Firishta ana la kuulizwa zaidi. Alikuwa mtu wa Astarabad, akakulia katika falme za Dekani, ambako wahamiaji wa Kiajemi walikuwa katika ushindani mkali na maamiri wenyeji na wa Kihabeshi. Katika miaka aliyokuwa akiandika, Mhabeshi mwingine, Malik Ambar, alikuwa ndiye mwenye kauli katika ufalme jirani wa Ahmadnagar. Habari ya Mhabeshi aliyevuka mpaka wake katika ikulu ya wafalme haikuwa historia ya kale tu masikioni mwa wasomaji wa Firishta.

Ipo hoja ya upande wa pili, na ni haki kuitaja. Minhaj aliandika kitabu chake kwa ajili ya Sultani Nasiruddin Mahmud, mtoto wa Iltutmish, yaani ndugu yake Razia. Je, haikuwezekana kwamba alilijua jambo akalifunika, asimwaibishe bwana wake? Hoja hii ina uzito, na wanaomtetea Razia mara nyingi huiruka. Kunyamaza kwa mwandishi si cheti cha usafi.

Lakini tumpime Minhaj kwa tabia yake mwenyewe. Firuz naye alikuwa ndugu wa Sultani huyo huyo, na Minhaj hakumfunika. Ameandika jinsi alivyokuwa akipita sokoni amelewa juu ya ndovu akitawanya sarafu za dhahabu. Shah Turkan alikuwa mke wa Iltutmish, na ukatili wake ameuandika. Kwa hiyo aibu za nyumba ile hazikuwa mwiko kwa kalamu yake.

Tena hakuwa mtu wa kuwaonea huruma watu wasiokuwa Waturuki waliopanda vyeo. Miaka 13 baada ya Yaqut, alitokea Imaduddin Rayhan, mtu wa India, akapata madaraka makubwa Delhi na Minhaj akapoteza ukadhi wake. Ukisoma anavyomwelezea Rayhan utaona wino unachemka. Anasema hata kutoka nyumbani kwenda kuswali Ijumaa ilimshinda kwa miezi kwa kuwahofia wahuni wa mtu huyo, na anasema waziwazi kwamba Waturuki wa asili safi hawakuweza kuvumilia kuamriwa na mtu wa namna ile. Mwandishi wa tabia hii, kama angekuwa na neno baya la kweli juu ya Yaqut, alikuwa na kila sababu ya kulisema. Waliomuua Yaqut walikuwa tabaka lile lile la wakubwa aliowahitaji. Tuhuma ingewapa udhuru wa damu waliyomwaga katika Ramadhani. Hakuwapa. Aliandika wivu.

Kwa mizani hiyo, rai yetu ni kwamba kisa cha mapenzi hakina mguu wa kusimamia. Kilichopo ni mtu aliyepewa kazi na mwenye mamlaka ya kumpa, na kundi lililoona kazi hiyo ni haki yake ya ukoo. Hata lile la kumshika mkono Sultani wakati wa kupanda, tukilikubali kwa ajili ya mjadala, ni jambo la kuulizwa wanafiqhi kuhusu kugusana kwa wasiokuwa maharimu. Kutoka hapo mpaka kwenye zinaa kuna safari ndefu, na sheria yetu imeweka katika njia hiyo mashahidi wanne, na ikaweka fimbo 80 kwa anayesema bila ya kuwaleta. Waislamu waliosoma Suratun Nur na kukijua kisa cha Ifk wanaelewa kwa nini hukumu hiyo iliteremka, na haikusemwa kwamba ina muda wa kwisha mtuhumiwa akishakuwa kaburini.

Cha kustaajabisha ni kwamba elimu ya kupima habari hatukuiazima kwa mtu. Wanazuoni wa hadithi waliuliza kila msimulizi amepokea kwa nani, na je, wawili hao walikutana. Neno la Isami la kwamba amesikia lisingevuka mlango wa mbele wa Imam Bukhari. Na katika historia ya kawaida, Ibn Khaldun katika Muqaddima ya mwaka 1377 aliwasuta wanahistoria wanaobeba porojo za majumba ya wafalme, akitoa mfano wa kisa cha Jaafar al-Barmaki na Abbasa, dada wa Harun al-Rashid. Yeye alimtetea Abbasa zaidi kwa hoja ya utukufu wa nasaba yake, hoja ambayo sisi hatuipendi sana, maana haimsaidii mtu kama Yaqut asiyekuwa na nasaba ya kujivunia. Lakini swali lake la pili, la nini hasa kilichokuwa kikigombewa pale, linatufaa. Kwa Wabarmaki aliona ni madaraka na fedha za dola. Kwa Yaqut tuliulize vilevile.

Aytegin, aliyesuka njama, alijifanya naibu wa Sultani mpya na kushika mambo yote, na kabla ya Julai 1240 kwisha Bahram alikuwa amekwisha mfanyia mpango wa kuuawa. Altuniya na Razia walishindwa vita vyao, wakauawa karibu na Kaithal mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Bahram aliondolewa na kuuawa mwaka 1242. Na yale mabanda ya farasi? Minhaj mwenyewe anatueleza. Katika utawala wa Bahram cheo cha amir-i akhur kilikwenda kwa kijana wa Kituruki, mtumwa aliyenunuliwa na Iltutmish, jina lake Balban. Mwaka 1266 Balban alikuwa Sultani wa Delhi, na akatawala mpaka kufa kwake mwaka 1287.